Nyumba ya marehemu mama inanilemea, na feng shui imeniletea ugomvi

Assalaam alaykum Somo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Wete. Tangu mama yetu afariki mwaka juzi, mimi na mume wangu tumehamia katika nyumba yake. Dada yangu mkubwa ameolewa Unguja, kaka yetu yuko Maskati kikazi, na baba alitangulia zamani, kwa hiyo nyumba ingebaki haina mtu.

Somo, nyumba hii ni nzito. Sijui nikueleze vipi. Ukiingia tu unahisi kifua kinabana. Asubuhi naamka kichwa kinauma, watoto wanapiga chafya, nguo zinanuka ukungu hata nikizianika kutwa. Mimi na baba watoto hatukuwa watu wa kugombana, lakini siku hizi tunagombana kwa chumvi, kwa ufunguo, kwa chochote. Nashona nguo za watu, na kazi nayo imedorora. Jirani akaniambia nyumba ina kijicho, nikawa nafukiza ubani kila usiku wa Ijumaa, madirisha nimeyafunga ili moshi usitoke. Sikuona tofauti.

Ndipo nikaanza kutazama kwenye simu video za feng shui, elimu ya Kichina ya kupanga nyumba. Mwalimu wake anaeleza kwamba kila nyumba ina nguvu inayozunguka, wanaiita chi, na makorokoro yakizidi nguvu hiyo hukwama. Anasema ukisimama mlangoni ukaangalia ndani, kona ya mwisho kushoto ni ya utajiri. Mlango wetu unaelekea kusini, nikasimama, nikapima: kona yangu ya utajiri ni choo cha uwani! Nikaweka beseni la maji sebuleni pembeni ya cherehani, na gilasi ya mianzi ya bahati. Kitanda nacho nikakigeuza, maana miguu ilikuwa inaelekea mlango wa chumba, ambao uko mashariki, na mwalimu anasema huo ni mlalo wa maiti. Baba watoto kurudi kutoka msikitini akakuta miguu sasa inaelekea kibla. Hakusema neno. Akachukua mto wake akalala sebuleni. Asubuhi akaniambia nimetia ushirikina ndani ya nyumba.

Hilo labda lingepita. Lakini video nyengine ilisema vitu vya marehemu vinashika huzuni, lazima vitoke. Nikafungua sanduku la mama, nikagawa doti kadhaa za kanga kwa majirani, na sufuria moja kubwa, zile za shughuli, nikampa jirani anayepika biashara. Khabari zikamfikia dada. Alinipigia simu analia, akaniambia, "Umemtoa mama nyumbani kwake." Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Hata mama mdogo, aliyeko Mtambwe, amejaribu kumtuliza, wapi.

Naomba uniambie: hii feng shui ina ukweli wowote? Ni dhambi? Na nyumba niifanyeje iwe nyepesi? Maana vitu bado vimejaa: majamvi ya karafuu, magunia ya makonyo (vikonyo vya karafuu) ukumbini, kabati la mama chumbani limeziba dirisha la kusini, friji bovu, vyombo mpaka chini ya vitanda. Mama hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Mwanao aliyelemewa,
Wete

*

Waalaykum salaam mwanangu, na Mungu amrehemu mama yenu.

Barua yako nimeisoma nikairudia, na pahala nilipokwama ni pale ulipolitaja, kwa kupitia tu, kabati lililoziba dirisha la kusini. Tuanze na hilo. Ya Wachina yatafuata.

Pemba iko kama digrii 5 kusini ya ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini. Ukuta wako wa kusini, kwa hiyo, miezi yote hiyo haupati jua la mchana. Na hiyo ndiyo miezi ya masika kisha kusi, yaani mvua na upepo vinaupiga ukuta uleule ambao jua limeupa mgongo. Tofali la saruji hunywa maji, wala halihitaji kukaribishwa. Sasa ukiegemeza hapo kabati zito lililojaa nguo, nyuma yake hewa haipiti na mwanga haufiki, unategemea nini? Lisogeze leo hii. Sitashangaa ukikuta madoa meusi au ya kijani kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno. Ukungu huo unatosha kuwapigisha watoto chafya na kuzinukisha nguo zako, na hauna haja ya kijicho cha mtu.

Aliyejenga nyumba yenu alilitoboa dirisha lile makusudi ili kusi liingie usiku mkalala. Mmelifunga kwa mbao, mnalala watu na watoto katika hewa ileile tangu isha mpaka alfajiri, halafu kichwa kiamke chepesi?

Ukaushe ukuta kwanza, uusugue kwa maji na dawa ya klorini ukiwa umefunika pua na dirisha liko wazi, ukauke kabisa, ndipo upake chokaa au rangi. Kabati lipeleke kwenye ukuta wa ndani, na uliache mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Angalia na juu pia: kama bati linavuja au maji ya paa yanamwagika kwenye msingi, utasugua mpaka uchoke na ukungu utarudi. Na kama mtoto yeyote anakohoa usiku au kifua kinapiga mluzi, mpeleke hospitali, usingoje nyumba ikauke.

Ubani sasa. Mimi mwenyewe nyumba isiyonukia udi siioni nyumba, hivyo sikukatazi. Lakini makaa ya kwenye chetezo yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na ndani ya chumba kilichofungwa gesi hiyo humuumiza mtu kichwa, humtia kizunguzungu, na ikizidi huua. Umekuwa ukifunga madirisha ili usipoteze moshi, kumbe unaivuta sumu na watoto wako. Fungua kwanza, nyumba ipate upepo, ndipo ufukize, na chetezo kitoke nje kabla ya kulala.

Haya, feng shui.

Ukweli wake upo, ila umechanganyika na mengi. Wachina wa kale walikuwa watazamaji wazuri wa ardhi. Walipenda nyumba iwe na kilima nyuma, maji mbele, mlango kusini. Kwao hilo lina sababu iliyo wazi: katika sehemu kubwa ya China jua la mchana liko kusini mwaka mzima, na kaskazini ndiko unakotoka upepo wa baridi wa Siberia. Aliyejenga hivyo alipata joto na mwanga, na kijiji chake kikasema nyumba ile ina baraka. Mlango wako unaelekea kusini, kwa hiyo mzee wa Kichina angekupongeza. Huku kwetu, kama nilivyokwisha kukueleza, upande huohuo wakati wa mvua ndio wa kivuli na unyevu. Kanuni yao ni nzuri kwa mahali ilipozaliwa. Ukiileta Wete bila kuipima upya kwa jua letu, kusi letu na kaskazi letu, umeleta koti la baridi.

Mambo ya kona za utajiri ni hadithi nyengine. Mwalimu wako anapima kuanzia mlangoni, na upimaji huo ulienezwa sana Marekani na mtu anayeitwa Lin Yun, miaka ya 1980. Walimu wa dira, ambao ni wa zamani zaidi, hawapimi hivyo: kwao utajiri uko kusini mashariki, mlango uwe wapi na uwe wapi. Mlango wako uko kusini, na ukiangalia ndani kusini mashariki ni ile pembe iliyo karibu na mlango, kuliani. Kama nimekuelewa vizuri, sebule iko upande huo, na cherehani yako imo humo. Kwa hiyo kwa mwalimu mmoja utajiri wako uko chooni, kwa mwengine umeukalia na unaushonea. Mimi nikilazimishwa kuchagua, nachagua cherehani.

Na hiyo chi hakuna chombo kilichowahi kuipima. Hata China yenyewe, baada ya mwaka 1949, serikali iliihesabu feng shui kuwa imani za kale zisizo na msingi na ikaipiga vita kwa miaka mingi, ingawa watu hawakuiacha. Maandishi yake mashuhuri ya zamani, yanayonasibishwa na Guo Pu wa karne ya 4, yanahusu kuchagua pahala pa kuzika. Nakwambia haya ili ujue si elimu moja iliyonyooka kama hesabu. Ni mapokeo ya karne nyingi, yenye madhehebu yasiyokubaliana.

Beseni la maji litoe kesho asubuhi. Maji yaliyotuama ndani ya nyumba ni kitalu cha mbu, na kisiwa kimetaabika vya kutosha na malaria. Ile mianzi ya bahati wala si mwanzi, ni mmea wa jamii nyengine kabisa, na mwaka 2001 shehena zake kutoka China ziliingiza California mbu aina ya Aedes albopictus, ambaye hubeba dengi. Ukiupenda mmea, upande kwenye udongo. Ukitaka ubaki majini, maji yabadilishwe kila wiki na gilasi isuguliwe.

Umeuliza kuhusu dhambi. Mimi ni somo, si sheikh, na kilemba cha watu sikivai. Nitakwambia ninavyoliona tu: kusogeza kitanda upate hewa, kufagia ukumbi, kutoa takataka nyuma ya mlango, hayo ni kazi za nyumba, hata kama umeyasikia kutoka kwa Mchina. Kuweka beseni ukiamini beseni ndilo litakaloleta wateja wa nguo ni jambo jengine, na hapo mumeo ana haki ya kushtuka. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Likibaki na utata, nendeni wote wawili kwa sheikh mnayemwamini. Usiende peke yako ukarudi na fatwa mkononi, utazidi kumkasirisha.

Kitanda kina dawa rahisi. Makka kutoka Pemba iko kaskazini, karibu kabisa na kaskazini yenyewe, na mlango wa chumba uko mashariki. Weka kichwa cha kitanda ukuta wa kaskazini, miguu kusini. Miguu haielekei kibla, haielekei mlango, mlangoni unamuona anayeingia, na upepo wa dirisha utakaolifungua unawapuliza kuanzia miguuni. Mumeo atarudi na mto wake. (Wahindi nao wana elimu yao ya nyumba, inaitwa vastu, inakataza kichwa kulala kaskazini. Video hizo nakuomba usizifungue kabisa.)

Sasa la dada, ambalo kwangu ndilo zito kuliko kabati.

Mwanangu, vile vitu si vyako. Najua unaishi navyo, unavifuta vumbi, umemuuguza mwenyewe mpaka siku ya mwisho labda. Lakini tangu mama alipofunga macho, kila doti ya kanga, kila sinia, kila gunia la makonyo ni tarika, mali ya warithi wote. Watu wetu wanadhani mirathi ni nyumba na mikarafuu tu. Yakishalipwa maziko na madeni, na wasia kama upo usiozidi theluthi, kilichobaki kinagawiwa hata kama ni kijiko. Kama babu na bibi wazaa mama walishatangulia na hakuna mrithi mwengine, basi kaka yenu ana nusu, wewe robo na dada robo. Umetoa sadaka mali ambayo robo tatu yake ni ya wenzako, tena bila kuwauliza. Dada hakulia kwa ajili ya sufuria. Alilia kwa kuwa alikuwa Unguja, na mama akagawiwa yeye hayupo.

Miaka miwili imepita na hamjakaa kitako. Sikulaumu peke yako, nyote watatu mmeogopa, maana kukaa ni kukubali kwamba mama hayupo. Na ndiyo maana nyumba imejaa hivyo: hakuna mwenye ruhusa ya kutoa kitu, basi kila kitu kimebaki pale pale mama alipokiacha. Mnagombania chumvi na mumeo kwa sababu mnaishi kama wageni ndani ya bohari la mtu.

Mtieni kaka kwenye simu, na mama mdogo awe msimamizi. Yeye hana fungu hapo, kwa kuwa marehemu ameacha mtoto wa kiume, hivyo hakuna atakayesema anajivutia. Orodhesheni kila kitu, cha thamani na kisicho na thamani. Ukiona mambo ya nyumba na mashamba ni makubwa kuliko nyinyi, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana wanayashughulikia mambo ya mirathi, na Mahkama ya Kadhi ipo. Kwa kanga na vyombo hamhitaji ofisi, mnahitaji mchana mmoja na sinia la pilau. Zile ulizokwisha kugawa zitaje wazi, na uombe zihesabiwe katika fungu lako. Majirani usiwafuate kuwanyang'anya kanga, ni fedheha. Ila sufuria ya shughuli muulize jirani kwa upole airudishe kwa muda. Ulizeni pia kama mama aliziweka zile sufuria kwa ajili ya mtaa, maana wapo wanaozitoa wakfu kwa harusi na hitima, na ikiwa hivyo hazirithiwi wala haziuzwi.

Kabla ya kikao hicho kuna kazi nyingi unazoweza kuzifanya bila kumuudhi mtu. Yule mwanamke wa Kijapani, Marie Kondo, ambaye bila shaka umekutana naye katika video zako (yeye hafundishi feng shui, ingawa watu huwachanganya), ana utaratibu mmoja ninaoukubali: anaanza na nguo, kisha vitabu, karatasi, vitu vya mchanganyiko, na vitu vya kumbukumbu anaviacha mwisho kabisa, mtu akishazoea kuamua. Wewe ulianza na sanduku la mama. Ulianza na mlima.

Anza na vyako. Nguo zako, za watoto, mabaki ya vitambaa vya cherehani ambayo kila fundi anaapa yatafaa. Ndoo za rangi tupu, chupa, waya. Nyuma ya mlango wa mbele pasiwe na kitu, mlango ufunguke mpaka ukutani. Hilo feng shui wanalisema na bibi zetu walilisema, mgeni asiingie ubavu. Makonyo mpigie kaka simu kabla ya kuyagusa, akubali yauzwe. Kama bado makavu yapeleke ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, maana kiwanda cha Chake Chake kinayakamua mafuta, na pesa iandike daftarini kwa ajili ya wote. Yakiwa yameshaota unyevu ukumbini kwako, basi nayo yanachangia ile harufu. Majamvi msiyatupe, msimu utakuja. Yapigwe jua, yakunjwe, yaning'inizwe bandani uwani. Friji bovu limuulize kaka na dada kwa ujumbe mmoja, kisha fundi alitoe gesi na lipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma. Choo kifunikwe. Utajiri sijui, lakini mende watapungua.

Chini ya vitanda paachwe wazi kabisa, upepo upite.

Kazi ya kushona ipe muda. Mteja akiingia sebule inayonuka ukungu, anaogopa kukuachia kitambaa chake cha Idi, na hawezi kukwambia. Sebule ikikauka tutajua kama tatizo lilikuwa hilo au ni bei zako.

Dada usimsubiri apokee simu. Mtumie ujumbe wa sauti, mfupi, bila kutaja video wala Wachina wala huzuni ya vitu. Mwombe radhi kwa kanga na sufuria, mwambie sanduku la mama umelifunga na ufunguo uko Mtambwe kwa mama mdogo, na kwamba halitafunguliwa mpaka yeye avuke bahari aje alifungue mwenyewe. Kisha huo ufunguo uupeleke kweli, kabla hujautuma ujumbe.